Maneno Niliyoambiwa Niyafute

Shaka iliyoninyima usingizi kwa wiki mbili ilikuwa na kurasa kumi na nane. Ilikuwa sura ya tisa ya riwaya yangu ya kwanza, na swali lilikuwa moja tu: niitoe au niiache.

Mhariri wa kampuni moja ya vitabu alikuwa ameniandikia barua pepe fupi, ya heshima, ambayo niliisoma mpaka nikaikariri. Mswada wameupenda. Wangependa kuuchapisha. "Ila sura ya tisa inaingiza siasa," aliandika. "Msomaji wetu hanunui riwaya ili ahutubiwe. Ukiiondoa, hadithi haitapungua kitu. Tunaomba jibu ndani ya wiki mbili."

Haitapungua kitu. Hilo ndilo nililolala nalo. Kama kweli haitapungua kitu, basi nilikuwa nimepoteza miezi mitatu nikiandika kitu kisicho na kazi. Na kama itapungua, mbona yeye, aliyesoma miswada mingi kuliko siku nilizoishi, hakuliona pengo? Nikigeukia ukutani najiambia mwandishi ana haki ya kusema anachoamini. Nikigeukia mlangoni najiambia mwenye la kusema kuhusu utawala aende akagombee uongozi, asimvutie msomaji kwa mapenzi halafu katikati amchomekee hotuba. Ndege za abiria zilikuwa zinapita juu ya bati la chumba nilichopanga zikienda kutua, moja baada ya nyingine, na kila ilipopita moja nilikuwa nimebadilisha msimamo.

Chuoni jambo hili halikunisumbua hata kidogo. Tulifundishwa kwamba hakuna fasihi isiyo na siasa, nami nikaandika hivyo kwenye mtihani, kwa mifano, nikapata alama nzuri. Ni rahisi kuamini jambo kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna mgambo anayesahihisha.

Nilimpigia mama yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anaishi Kibamba, nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula, mama. Unaonaje kuhusu hiyo sura?"

"Andika mapenzi, mwanangu. Mapenzi hayana kituo cha polisi."

"Lakini mama, wewe mwenyewe kila siku unalalamika."

"Nalalamika jikoni kwangu. Na wewe lalamika jikoni kwako."

Akakata simu. Dakika mbili baadaye akatuma ujumbe kuniuliza tena kama nimekula.

Mtaa niliokuwa nafanyia kazi siutaji, na si kwa ajili yangu. Ni upande wa Temeke, hilo latosha. Kuna mama mmoja bado anauza pale.

Baada ya kuhitimu nilituma maombi ya kazi mpaka nikachoka kuyahesabu, mwishowe nikaajiriwa kwenye duka la steshenari lililotazamana na ofisi ya serikali ya mtaa. Tulitoa kopi, tulipiga picha za pasipoti, tuliwajazia watu fomu za mtandaoni. Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuchapa barua. Mtu ana shida na ofisi ya mbele yetu au ofisi nyingine ya juu, anakuja, anasimama nyuma ya kiti changu, anasema. Mimi nachapa na kunyoosha. Wengine husema kwa hasira, na kazi yangu ni kuigeuza hasira iwe "naomba ofisi yako tukufu". Nilikuwa hodari sana wa kufanya hivyo. Wakati mwingine mteja akisomewa barua yake mwenyewe alikuwa hashangai tu, alikuwa ananiamkia kabisa, kana kwamba aliyeandika ni mkubwa fulani.

Karatasi zilizoharibika tulizitupa kwenye boksi chini ya printa. Boksi hilo lilikuwa la mama wa vitumbua, aliyekuwa na meza yake hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu, ukingoni mwa uwanja wa wazi. Alikuwa mtu wa kusini, mwenye sauti kavu, mjane kwa miaka mingi. Kila asubuhi alilichukua boksi na kutuachia vitumbua viwili. Karatasi zetu alizipenda kwa sababu zilichapwa upande mmoja. Upande mweupe aliulaza ndani ugusane na kitumbua, na maandishi yakatazama nje. Usafi, alisema. Hakuna anayetaka kula wino.

Mama huyo ndiye aliyesimama nyuma ya kiti changu miezi mingi kabla ya barua pepe ya mhariri. Uwanja ule wa wazi, ambao watoto walichezea mpira na wazee waliwekea maturubai ya misiba, ulikuwa umeanza kupimwa kwa kamba. Mwezi uliofuata zikashuka tofali. Yeye alitaka kuiandikia ofisi ya mtaa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema polepole, ili nisipitwe:

"Mwanzo mlituambia uwanja ni wa watoto. Mkaja mkatuambia ni wa zahanati. Sasa tunasikia ni fremu za maduka. Basi na sie mtuambie, sie ni wa nani?"

Vidole vyangu vilisimama. Niligeuka kumtazama. Yeye alikuwa anatazama nje, kwenye meza yake.

"Hiyo meza yangu iko pale kwa mdomo tu," alisema. "Hakuna karatasi. Mwenyekiti wa mtaa alisema kaa, nikakaa. Akisema ondoka?" Akaivuta kanga begani. "Iache tu, mwanangu. Futa."

"Nisibakize hata rasimu?"

"Futa."

Nilifuta. Barua nikaifuta mbele ya macho yake, tukaona ukurasa umebaki mweupe, akaenda kukaanga. Ila maneno yale nilikuwa nimeshayashika kichwani, na jioni ile ile nikayaandika kwenye simu yangu, neno kwa neno. Sikuona kama naiba. Niliona kama naokoa kitu kisizame. Na baada ya miezi kadhaa yakawa sura ya tisa. Kwenye riwaya yangu mama mmoja anasimama katikati ya mkutano wa mtaa, anashika kipaza sauti, anayasema maneno hayo, na uwanja mzima unalipuka kwa makofi. Niliiandika sura hiyo nikilia. Nilidhani machozi ni ushahidi wa ubora.

Kosa nililofanya ni hili. Jumamosi moja, wiki ya kwanza ya mashaka yangu, nilimwomba bosi ruhusa ya kuchapa mswada wote niusome kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa Mbeya, mkarimu, aliyemwita kila mwanamke sista na kila mwanamume kiongozi. Akaniambia tona, yaani wino wa printa, inaisha hivyo nichape tu, akiitupa ni hasara vilevile. Nikachapa. Nikasoma riwaya bila sura ya tisa, ikaenda vizuri, ikateleza kabisa. Basi nikaamua, kwa uhakika ambao sikuwahi kuwa nao maishani, kwamba mhariri amesema kweli. Nikazichukua kurasa kumi na nane nikazitupa kwenye boksi.

Kufikia saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeghairi. Lakini sura ilikuwa bado ndani ya kompyuta, kwa hiyo sikuona haja ya kuziokota karatasi. Nitazichana Jumatatu, nikajisemea. Jumatatu nilichelewa, na nilipofika vitumbua viwili vilikuwa juu ya kaunta na boksi halipo.

Kwa nusu saa sikufanya kazi. Nilisimama dirishani nikitazama. Madereva wa bodaboda na mafundi wa tofali walikuwa wamekaa kwenye kijiwe chao kando ya meza ya mama wanakunywa chai, na mmoja, kijana mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto, alikuwa ameikunjua karatasi yake anaisoma huku anatafuna.

"Mama, mie niongeze viwili, ila nifungie na ule unaofuata."

"Unaofuata nini?"

"Ukurasa. Hapa mama kasimama mkutanoni, kashika maiki, halafu mafuta yamekula mstari."

"Mie nauza vitumbua, siuzi magazeti."

"Basi nipe cha juu kabisa hapo, labda ndo kina mwisho."

Wakacheka. Mwingine akasema anao ukurasa wa mia na hamsini na moja, nani ana wa mia na hamsini. Wakaanza kubadilishana. Nilihisi kitu ambacho bado naona haya kukikiri: furaha. Watu wasionijua walikuwa wananisoma na wanataka ukurasa unaofuata. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunitaka ukurasa unaofuata.

"Huyu mwenyekiti wa humu ndani namjua," alisema fundi mmoja mtu mzima.

"Utamjuaje, si hadithi hiyo?"

"Hadithi ina kipara?"

"Wapi wameandika kipara? Hebu lete. Hakuna kipara hapa, braza."

"Kipo. Wewe hujasoma vizuri."

Sikuwa nimeandika kipara popote. Nilikuwa nimejihadhari sana nisimpe mwenyekiti wangu hata urefu. Lakini mwenyekiti wetu wa kweli alikuwa na kipara, na wasomaji wangu walikuwa wamempatia yule wa kwenye kitabu, bure, bila kuniuliza. Nikajaribu kufikiri hilo lina maana gani kuhusu swali langu: kama siasa inaletwa na mwandishi au inamsubiri kwa msomaji. Sikufika mbali. Mgambo wa ofisi ya mtaa alikuwa amevuka barabara.

Alinunua kitumbua kimoja. Hakukila. Alikifungua, akakiweka wazi kwenye ukingo wa meza, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Kitumbua kikabaki pale, na mama hakukigusa, na hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Siku mbili hazikuleta kitu. Hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Niliwaza kila njia ambayo jambo linaweza kupita, nikazipanga kuanzia nafuu mpaka mbaya, kisha nikazipanga upya. Kijiwe kilikuwa kinakunywa chai kikitazama chini. Tofali uwanjani ziliendelea kupanda. Sasa ungeweza kuona milango ya fremu itakapokuwa, mashimo manane yanayotazama barabara.

Siku ya tatu mjumbe wetu, mzee mpole ambaye bila saini yake hupati barua ya utambulisho, aliingia dukani na bahasha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nitolee kopi tatu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na ukurasa wangu, umekunjwa mara nne, na mafuta yamefanya duara katikati. Niliuweka kwenye mashine. Nikabonyeza. Kopi ya kwanza ilipotoka niliona, na yeye akaona, mstari mwembamba mweusi kwenye ukingo wa kushoto, kama uzi. Mashine yetu, ileile inayochapa na kutoa kopi, ilikuwa na ugonjwa huo tangu zamani. Mstari huohuo ulikuwa kwenye ukurasa wenye mafuta. Kwenye kopi sasa kulikuwa na mistari miwili, sambamba.

Mjumbe alizipanga karatasi zote nne kwenye kaunta, akazitazama kwa utulivu wa mtu anayechagua kitambaa.

"Kazi ya hapahapa," alisema.

Nilifunga kifuniko cha mashine.

"Yule mama alileta hizi mzichape?"

"Mama gani, mzee?"

"Wa vitumbua. Maneno ni yake haya. Sie tumeishi naye hapa miaka, tunajua anavyoongea. Naona safari hii kaamua kuyasambaza na vitumbua." Akatabasamu kidogo. "Wewe huna kosa, binti. Mteja akileta kazi, unachapa. Sivyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na digrii ya lugha. Nilikuwa na mdomo. Nilifungua mdomo huo na nikasikia sauti yangu, yenye adabu kama ile ya kwenye barua zangu.

"Ndiyo, mzee."

Akashukuru, akaondoka. Baada ya saa moja mgambo alimpelekea mama wito: kesho, saa nne asubuhi, ofisini.

Bosi aliniita nyuma ya pazia tunapopigia picha. "Sista, hiyo ishu mie siijui na sitaki kuijua," alisema kwa sauti ya chini. "Ila nisikilize. Wamekupa njia. Mtu akipewa njia anapita. Hilo eneo ni la serikali, hata mie nimekaa hapa kwa kibali. Nyamaza tu."

"Na mama?"

"Mama ni mtu mzima. Watamsema, ataomba radhi, yataisha."

"Na meza yake?"

Bosi akaanza kukunja pazia.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, nilikwenda kwa mama. Alikuwa anaishi chumba na ukumbi nyuma ya uwanja. Nilimkuta uani anaosha kikaango cha vishimo kwa mchanga na sabuni, kishimo kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye mwanzo na mwisho, yakanitoka kichwani yote. Yeye alikausha mikono kwenye kanga, akatoa karatasi chini ya sahani. Kumbe na yeye alikuwa amebakiza moja.

"Haya ni maneno yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikwambia ufute."

"Nilifuta kwenye barua."

"Ukayahamishia wapi?"

"Kwenye riwaya. Naandika kitabu."

Alinitazama muda mrefu. Nilitamani anitukane.

"Na huyu mwenzangu wa kwenye kitabu, akishasema hivi, wanamfanya nini? Maana mwisho wake sijaupata, nimefungia mtu."

"Wanampigia makofi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kisichokuwa na utani ndani yake. "Wapi huko wanakopiga makofi? Nihamie." Akasogeza ndoo. "Mie nilishasema kwenye mkutano, mwanangu, kabla sijaja kwako. Sikusema yote, nilisema nusu. Unajua majirani zangu walifanya nini? Walitazama viatu vyao. Watu mia na kitu, wote wanatazama viatu. Nikaona nitaandika barua. Nilipofika kwako nikakumbuka vile viatu, nikakwambia futa. Wewe umechukua maneno ukaacha viatu."

Katika wiki mbili za kujiuliza kama mwandishi aweke maoni yake kwenye riwaya, sikuwahi hata mara moja kujiuliza kama yale maoni yalikuwa yangu. Nilikuwa nimemsimamisha mama huyu kwenye hadithi ili aseme badala yangu, na alipoitwa ofisini kwa sababu ya kusema, nikasema ndiyo mzee.

"Nisamehe, mama. Mjumbe alikuja na nikamwachia aamini ni wewe."

"Najua. Angekuwa na shaka asingeniita mie." Alirudi kwenye kikaango. "Kesho nitasema sijui kusoma. Wataamini. Watu kama wale huamini hilo haraka."

"Nitakuja niseme ni mimi."

"Usije kama unakuja kujisikia vizuri."

"Sasa kitabu nikifanyeje? Niyatoe?"

"Maneno yangu yatoe," alisema bila kugeuka. "Weka ya kwako. Unayo?"

Nilirudi kwangu na swali hilo. Nilijaribu kulijibu kwa kalamu, kwenye karatasi, kama mtihani: mimi mwenyewe, bila mama, bila mhusika, nafikiri nini kuhusu uwanja ule? Mstari wa kwanza nilioandika ulianza na "inasemekana". Nikaukata. Wa pili ulianza na "wananchi wengi wanaona". Nikaukata. Ilinichukua muda wa aibu kuandika mstari mmoja ulioanza na mimi.

Asubuhi nilimwambia bosi nachelewa, nikavuka barabara. Mama alikuwa kwenye benchi la mbao la ofisi, amevaa kanga mpya, mikono mapajani. Meza yake ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani ya ofisi, miguu juu. Walikuwa wameshaileta.

Mtendaji wa mtaa alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri. Ukurasa ulikuwa mbele yake.

"Dada yangu, wewe hujaitwa," alisema.

"Najua. Karatasi hizo ni zangu. Ni sura ya riwaya ninayoandika. Nilizitupa, mama akafungia vitumbua kama anavyofungia siku zote. Hakuziandika wala hakuzileta kuchapwa. Jana nilimdanganya mjumbe kwa kumwitikia ndiyo."

Mjumbe, aliyekaa pembeni, alitazama dari.

Mtendaji hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko chochote. Aliuinua ukurasa akaurudisha. "Unaandika vizuri," alisema. "Kweli kabisa. Mie napendaga kusoma. Sasa kama ni riwaya, mambo mepesi. Riwaya si ushahidi." Akanisogezea karatasi yenye mistari na kalamu. "Andika maelezo mafupi. Kwamba kazi ni ya kubuni. Kwamba mama hahusiki. Na mwishoni weka mstari mmoja tu: maoni yaliyomo ni ya mhusika, si ya mwandishi. Ukiweka huo, mie nalifunga hapahapa. Wote mnakwenda nyumbani."

Alisema kwa upole wa mtu anayekufungulia mlango. Na mstari wenyewe haukuwa uongo kitaaluma. Ungeweza kutetewa na wasomi chungu nzima. Mwandishi si mhusika, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ningeusaini tu. Mama angerudi na meza yake. Riwaya ingebaki riwaya, na mimi ningebaki mtu asiye na maoni, salama kama karatasi tupu.

Nikaandika. Herufi zangu zilionekana za mtoto. Niliandika kwamba riwaya ni yangu, kwamba watu wake nimewabuni, kwamba mama hakujua lolote. Kisha nikaandika: "Ninaamini uwanja wa watu wote haupaswi kugawiwa bila watu wote kuulizwa. Hayo ni maoni yangu mimi niliyeandika." Nikaweka jina langu kamili, namba ya simu na nyumba ninayopanga. Nikasaini.

Mtendaji alisoma mara mbili. Akasoma ya tatu akifuata kwa kidole.

"Ule mstari hujauweka."

"Hapana. Mhusika hana maoni ambayo sikumpa."

"Sijui kama unaelewa unachofanya, dada yangu."

"Na mimi sijui," nilisema, na ilikuwa kweli.

Nje mafundi walikuwa wanagonga. Mwishowe mtendaji akafungua droo, akaitia karatasi yangu ndani ya faili jipya lisilo na kitu kingine. Akamwambia mama achukue meza yake, kwa leo. Akaniambia mimi nisihame ninapoishi bila kutoa taarifa, na kwamba wataniita. Hakusema lini wala kwa lipi.

Tuliibeba meza pamoja, mama mbele na mimi nyuma. Hakunishukuru, na sikustahili. Tulipoiweka chini alisema tu, "Kesho usinipe karatasi zenu. Nitatafuta magazeti."

Nilirudi dukani nikakaa kwenye kompyuta. Ilikuwa siku ya mwisho ya jibu la mhariri. Nikaifungua sura ya tisa na kuandika upya mkutano ule kuanzia mwanzo. Maneno ya mama niliyatoa yote, hadi lile swali ambalo nilikuwa nimelipenda kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuandika. Aliyesimama sasa ni karani mwanamke anayechapa barua za watu, ambaye aliwahi kuulizwa jambo akajibu ndiyo mzee. Anasema anachoamini kuhusu uwanja, vibaya vibaya, akikwama. Watu wanatazama viatu vyao. Hakuna anayepiga makofi.

Bosi alisimama nyuma ya kiti changu, mahali wanaposimama wateja, akasoma kidogo. "Jumatatu usije kwanza, sista," alisema taratibu. "Mpaka nikupigie." Nikamwambia sawa. Mgambo alikuwa amehamisha kiti chake kutoka mlangoni kwa ofisi, sasa amekiweka upande wetu wa barabara, kivulini, na anatutazama.

Saa kumi na nusu niliambatanisha mswada. Nikamwandikia mhariri: "Sura ya tisa nimeiandika upya. Makofi nimeyatoa, siasa imebaki, na ni yangu. Kama haiwezekani kuchapisha pamoja nayo, naomba mnirudishie mswada." Nikausoma ujumbe mara moja tu, jambo ambalo si kawaida yangu, nikautuma.